Kashata

Kashata ni kitafunio kitamu cha pwani ya Afrika Mashariki kinachopikwa kwa sukari pamoja na nazi iliyokunwa, karanga au ufuta, kikatandazwa kwenye sinia na kukatwa vipande kingali na joto. Haiingii kwenye oveni, wala haihitaji kupaliwa makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Sufuria moja, mwiko, sinia na kisu vinatosha, na kazi nzima haizidi saa moja kwa mtu mwenye nazi iliyokwisha kunwa. Kwa sababu hiyo kashata imebaki kuwa kitamu cha nyumbani hasa, hata pale inapouzwa: nyingi za zile zinazoonekana katika maduka na meza za barabarani zimepikwa jikoni kwa mtu.

Makao yake ni Unguja, Pemba, Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, na kutoka huko imeenea katika miji ya bara. Aina mbili kuu ni kashata za nazi, ambazo ni laini na nyeupe au zimetiwa rangi, na kashata za karanga (Kenya huitwa kashata za njugu), ambazo ni ngumu, zina rangi ya kahawia na huvunjika kwa mlio. Za ufuta ni za tatu. Watu wengi huzihesabu zote kuwa kitu kimoja chenye viungo tofauti. Kwa upande wa upishi sivyo. Kashata za nazi na za karanga zinasimama juu ya tabia mbili za sukari zinazopingana, na mpishi asiyejua tofauti hiyo hupata nazi iliyokuwa jiwe au karanga zinazoganda mikononi.

Kashata na kahawa

Kashata ndogo ya barazani haieleweki bila kahawa chungu. Muuza kahawa wa pwani hutembea au huketi na dele la shaba lililowekwa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya maji ya kuvisuuzia, na sahani au chombo cha kashata. Kahawa yenyewe haitiwi sukari. Mnywaji hutafuna kipande, kisha hupiga funda, na utamu uliobaki mdomoni ndio unaokutana na uchungu wa kahawa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar pale Jaws Corner, na katika mabaraza ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, mazungumzo ya jioni kuhusu siasa, mpira na habari za mtaa huendeshwa kwa mtindo huo. Katika mwezi wa Ramadhani biashara hiyo huchangamka zaidi baada ya sala ya tarawehe.

Ndiyo maana kashata za kahawa hukatwa ndogo, kiasi cha kuisha kwa kutafunwa mara mbili au tatu. Za kuuziwa watoto wa shule ni kubwa zaidi na mara nyingi hutiwa rangi ya waridi.

Viambato vilikokutana

Mnazi umekuwa mti wa pwani kwa karne nyingi, na Mafia, Pemba, Tanga, Kwale na Kilifi bado ni sehemu za minazi mingi. Karanga ni mgeni wa baadaye: asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta Afrika katika karne ya 16. Leo hulimwa sana bara, katika mikoa kama Dodoma na Tabora. Iliki hutoka katika milima yenye mvua, hasa Usambara, na Zanzibar. Sukari ina historia nzito zaidi. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyoendeshwa kwa kazi ya watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Sukari nyeupe ya kiwandani ilianza kupatikana kwa wingi baadaye. Kabla yake sukari guru ilikuwa ya kawaida, na hadi leo wapo wanaoipendelea katika kashata za karanga kwa ladha yake ya moshi na uzito.

Bahari ya Hindi imezipa kashata ndugu wa karibu. Chikki ya India ni karanga zilizoshikamanishwa kwa sukari guru, na barfi ya nazi hukaribiana sana na kashata za nazi. Karanga na nazi zilizopikwa kwa sukari zimezaa vitamu vinavyofanana kila zilikokutana: pé-de-moleque na cocada huko Brazili, nkate cake huko Ghana, grater cake huko Jamaika.

Tabia mbili za sukari

Sukari ya mezani kwa sehemu kubwa ni sukrosi. Ikichemshwa na maji hupatikana shira, na kadiri maji yanavyoondoka kwa mvuke, ndivyo joto la shira linavyopanda juu ya nyuzi 100. Kipimo cha joto ndicho kinachoonyesha kwa uhakika kiasi cha maji kilichobaki, lakini wapishi wa pwani husoma jambo lile lile kwa vidole na bakuli la maji baridi.

Karibu na nyuzi 106 hadi 112, tone la shira likibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada kisha vikaachanishwa, hutoka uzi. Nyuzi 112 hadi 116, tone likidondoshwa katika maji baridi hukusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea. Shira ya kiwango hiki bado ina maji kiasi, na ikikorogwa wakati inapoa, sukrosi hurudi kuwa chembechembe ndogo sana. Chembe hizo huipa ugumu mwepesi unaomomonyoka mdomoni, na kuifanya isipitishe mwanga. Huo ndio mwili wa kashata za nazi.

Shira ikiachwa moto hadi nyuzi 150 au zaidi, karibu maji yote yamekwenda. Tone lake katika maji baridi hugeuka uzi mgumu unaokatika kwa mlio. Ikipoa bila kusumbuliwa, molekuli za sukari hukosa nafasi ya kujipanga kuwa chembe, nayo huganda kama kioo: ngumu, yenye kung'aa na kuvunjika. Kuanzia karibu nyuzi 160 hugeuka rangi ya dhahabu na kisha kahawia, na harufu yake hubadilika. Huo ndio mwili wa kashata za karanga.

Kwa hiyo kinachofaa upande mmoja huharibu upande wa pili. Kukoroga ni lazima kwa nazi, kwa kuwa ndiko kunakoamsha chembe. Shira ya karanga ikikorogwa hovyo huchafuka, hugeuka nyeupe na kuwa chengachenga kabla haijafika. Tone la ndimu husaidia shira ya karanga, kwa sababu tindikali huvunja sehemu ya sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa sukari tofauti hauelekei kuganda chembe. Katika nazi ndimu hiyo hiyo huzuia kashata kushika. Hata katika karanga matone machache yanatosha, kwani sukari iliyovunjwa mno huvuta unyevu wa hewa na kunata.

Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari nao una kauli yake. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100, hivyo viwango vyote vya shira vilivyotajwa hushuka kwa kama nyuzi 6. Mpishi wa Mombasa anayehamia huko na kufuata kipimajoto bila kupunguza atapitiliza. Bakuli la maji baridi halimdanganyi, popote alipo.

Kashata za nazi

Nazi inayofaa ni iliyokomaa, nzito mkononi, yenye maji yanayosikika inapotikiswa. Koroma ina nyama laini mno yenye maji mengi na mafuta machache, nayo hutoa kashata teketeke isiyoshika. Nazi hukunwa kwa mbuzi, na hapo ndipo weupe wa kashata unapoamuliwa. Mkunaji mzuri huzungusha kifuu polepole, akichukua nyama kwa tabaka nyembamba kutoka ukingoni kwenda ndani, na huacha meno ya mbuzi yasifike kwenye ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu. Akisikia sauti ya mkwaruzo ikibadilika kuwa kavu, amefika mwisho. Ngozi hiyo haina madhara, lakini huacha madoadoa na ladha ya uchungu kidogo. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui nayo hupikika, ila kashata yake ni kavu na imepungukiwa na ladha, kwa kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayoilainisha. Nazi kavu ya pakti hurejea vizuri ikilowekwa nusu saa katika maziwa ya vuguvugu.

Nazi mbili kubwa hutoa karibu gramu 400 za nazi iliyokunwa. Sukari huwa kati ya gramu 300 na 400. Chini ya kiasi hicho vipande huanza kumomonyoka vikikatwa. Maji au maziwa ni nusu kikombe, iliki punje sita hadi nane zilizotwangwa, na chumvi kidogo tu ya kubanwa kwa vidole viwili. Wapo wanaotia kijiko kimoja au viwili vya unga wa ngano ili kushikisha. Mpishi aliyeiva hauhitaji, na unga ukizidi huonekana ulimini.

Sukari na maji huwekwa motoni hadi shira itoe uzi. Nazi humiminwa yote kwa mara moja, na kwa kuwa nyama yake karibu nusu ni maji, mchanganyiko hulegea upya. Asiyejua hudhani ameharibu na kuongeza sukari. Kinachotakiwa ni kuendelea kukoroga kwa moto wa wastani, dakika 15 hadi 20, mwiko ukipita chini ya sufuria bila kupumzika, maana nazi hushika chini haraka. Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza mlio wa kuchemka hupungua. Kisha mchanganyiko huanza kuachana na kuta za sufuria na kufuata mwiko. Mwishoni, pembeni mwa sufuria huonekana utando mweupe mkavu wa sukari inayoanza kurudi chembe. Utando huo ndio amri ya kuepua. Iliki hutiwa wakati huo, si mapema, kwa kuwa harufu yake huondoka na mvuke.

Mchanganyiko hukorogwa mara chache zaidi nje ya moto, kisha humiminwa kwenye sinia iliyopakwa mafuta kidogo au kulowanishwa, na kusawazishwa kwa mgongo wa kijiko hadi unene wa sentimita moja na nusu. Kwa kashata za rangi mbili, nusu hutandazwa nyeupe, nusu nyingine hutiwa rangi ya waridi na kulazwa juu ya ile ya kwanza kabla haijakauka, ili tabaka zishikane. Alama za kisu huchorwa baada ya dakika kumi hivi, kwa miraba au kwa mshazari, na vipande huachanishwa vikishapoa kabisa.

Kashata za karanga

Kazi huanza kwenye kuchagua karanga. Zilizosinyaa, zenye weusi, zenye ukungu au zinazochacha mdomoni hutupwa. Hili si suala la ladha peke yake. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na moto wa kukaangia huipunguza tu bila kuimaliza. Sumukuvu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na wengine katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Karanga mbovu moja moja katika kilo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo dakika tano za kuchambua juu ya ungo zina thamani.

Karanga hukaangwa bila mafuta, kwa moto mdogo, zikigeuzwa mpaka ngozi ilegee na ndani ziwe na rangi ya maziwa yaliyoiva. Zikipoa husuguliwa kwa viganja na kupepetwa kwenye ungo. Ngozi huruka na upepo, karanga hubaki. Wengine huzitwanga kidogo tu kwenye kinu ili zigawanyike nusu, jambo linalofanya kashata ikatike sawasawa. Zikisagika kuwa unga, mafuta hutoka na sukari haishiki.

Kwa gramu 300 za karanga, sukari gramu 200 hadi 250 inatosha. Njia ya kwanza ni ya shira: sukari, robo kikombe cha maji na matone ya ndimu huchemshwa bila kukorogwa. Chembe zinazoruka kwenye kuta za sufuria hufutwa kwa brashi iliyolowa, kwani chembe moja ikianguka ndani inaweza kugandisha shira nzima. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayotumika zaidi majumbani, ni kuyeyusha sukari kavu. Sufuria nzito huwekwa kwenye moto mdogo, sukari hutiwa bila maji, na huanza kuyeyuka pembezoni. Hapa mwiko unaruhusiwa, na kipimajoto hakina kazi: rangi ndiyo saa. Rangi ya asali ni wakati wa kutia karanga. Ikifika rangi ya kahawa imekwisha kuungua, na hakuna dawa. Kati ya hizo mbili zipo sekunde chache tu, na ndiyo sababu karanga lazima ziwe za moto na ziwe karibu. Karanga baridi huishtua sukari, ikaganda vipande kabla haijazifunika.

Baada ya hapo ni mbio. Mchanganyiko humwagwa kwenye kibao cha kusukumia chapati kilichopakwa mafuta, kifimbo kilichopakwa mafuta hupitishwa juu yake hadi unene wa karanga moja au mbili, na kisu hukata papo hapo, ndani ya dakika mbili au tatu. Ikishakuwa baridi haikatiki, huvunjika ovyo. Iliyowahi kukauka inaweza kurudishwa juu ya sufuria ya moto kwa dakika moja ili ilegee.

Sukari iliyoyeyuka ina joto linalokaribia la mafuta ya maandazi, na hunata kwenye ngozi badala ya kutiririka. Bakuli la maji baridi huwekwa karibu, na watoto hukaa mbali mpaka kashata ipoe. Hakuna ladha inayofaa kuonjwa kwa kidole hapa.

Ufuta na tende

Ufuta, ambao Kenya na Uganda huitwa simsim, hulimwa sana Lindi na Mtwara. Kashata zake hufuata njia ya karanga, kwa tahadhari mbili: huoshwa na kuanikwa kwanza kwa kuwa hubeba mchanga, na hukaangwa kwa dakika chache tu, kwani huungua upesi na kuwa chungu.

Kwa asiyetaka kupika sukari kabisa, tende ni jibu la zamani katika bahari iliyosafirisha tende za Oman na Basra kwa majahazi. Tende laini zilizotolewa kokwa hupondwa, zikachanganywa na karanga au korosho zilizokaangwa na kutwangwa, iliki na nazi kavu kidogo, zikabanwa kwenye sinia na kupoozwa kwa saa mbili. Hapa kinachoshika si chembe wala kioo, ni mnato wa tende wenyewe. Vipande hivi havihitaji ufundi wa moto na vinaweza kufanywa na watoto. Shayiri iliyopondwa na siagi ya karanga huongezwa siku hizi katika miji, kwa mfano wa vitafunio vya Ulaya na Marekani visivyookwa.

Makosa na marekebisho

Kashata ya nazi isiyoshika haikufikia kiwango: hurudishwa sufuriani pamoja na vijiko viwili vya maji na kupikwa tena. Iliyokuwa ngumu kama tofali ilipitiliza, nayo hurekebishwa kwa njia hiyo hiyo, kwa maziwa badala ya maji na moto mdogo zaidi. Kashata ya karanga inayonata haikufika nyuzi za kutosha, au imetiwa ndimu nyingi, au imekutana na hewa yenye unyevu. Iliyotoka na weupe wa chengachenga inalika vizuri, ila haina mlio.

Lishe

Kashata ni chakula cha nguvu nyingi katika kipande kidogo. Karanga zina karibu nusu ya uzito wake mafuta na robo protini, na kashata zake zinashibisha kweli. Sukari yake hata hivyo haifichiki. Kipande cha gramu 30 cha kashata ya nazi kinaweza kuwa na gramu 15 za sukari, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 50 kwa mtu mzima. Vipande vitatu tayari vinakaribia kiwango cha siku, kabla ya chai. Wenye kisukari wahesabu, na hata za tende zina sukari nyingi. Mwenye mzio wa karanga asile hata kashata za nazi zilizokatwa kwa kisu kile kile. Watoto walio chini ya miaka mitano wapewe zilizosagwa, kwa kuwa karanga nzima huweza kuwapalia.

Kuhifadhi

Adui wa kashata ni unyevu na muda. Za nazi ziliwe ndani ya siku nne au tano katika joto la pwani. Baadaye mafuta ya nazi huchacha na harufu hugeuka. Kwenye jokofu hudumu zaidi lakini hukauka. Za karanga hukaa wiki mbili au tatu katika chupa au kopo lenye mfuniko wa kubana, kila tabaka likitenganishwa kwa karatasi. Wakati wa masika zisiachwe wazi hata usiku mmoja, kwa kuwa sukari iliyoganda kioo hunywa maji ya hewa na kulegea ifikapo asubuhi. Anayepika kwa mara ya kwanza aanze na za nazi, ambazo husamehe na kurudishwa motoni, na za karanga azingojee siku kavu ya kaskazi.